Siku moja maishani mwangu: kilo 14 za karanga

Saa kumi na moja na nusu alfajiri mwenzangu huwa ameshaamka, na kabla hajawasha jiko huniuliza swali ambalo kwetu limekuwa ndiyo salamu: "Jana ulikula saa ngapi?" Ni Jumatano ya mwezi Mei, masika hayajaisha, na mlima Meru haujaonekana tangu wiki iliyopita. Jana nilikula saa nane mchana, kisha nikaingia kwenye picha, na nilipoinua kichwa ilikuwa saa tano usiku. Nilijaribu kujibu kwa mkato, lakini mtu uliyeishi naye miaka sita hadanganyiki kirahisi, hasa anapokuwa amekwisha kulichungulia sufuria na kuliona limejaa vile vile alivyoliacha.

Kwa majirani sisi ni ndugu, watoto wa mama mkubwa na mama mdogo. Mama mwenye nyumba ananiita mwanangu, nami humwamkia kila asubuhi, na nina hakika anajua na ameamua kutojua, jambo ambalo nalihesabu kuwa ni wema. Sitataja mtaa wala majina katika andiko hili. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, ambacho mizizi yake iko katika sheria za mkoloni, kinaweka kifungo kisichopungua miaka 30 na kinachoweza kufikia maisha kwa kile kinachoitwa kujamiiana kinyume cha maumbile, na kwa sababu hiyo sisi makuchu, kama tunavyojiita wenyewe kwa wenyewe sisi tunaopenda watu wa jinsia yetu, tumejifunza kutambulishana kwa kazi zetu: mchoraji, mshonaji, mcheza ngoma, mpiga gitaa.

Uji wa ulezi unapikwa kwa maji ya dumu tunayoyanunua, si ya bomba. Maji ya ukanda huu wa Meru mara nyingi yana floridi nyingi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na kuyachemsha hakuiondoi. Kinyume chake, maji yakipungua kwa mvuke floridi inabaki ile ile katika maji machache zaidi. Mwenzangu alikulia kwenye miteremko ya mlima na meno yake yana ile rangi ya kahawia ambayo watu wa Arusha wanaijua, kiasi kwamba kwa miaka mingi alicheka akiwa ameziba mdomo. Picha pekee niliyokataa kuiuza ni ile niliyomchora akicheka mdomo wazi. Rangi ya meno ilinichukua siku tatu kuipata.

Uji wangu hautiwi limau wala ukwaju, kwa sababu mwaka jana nililala hospitalini kwa vidonda vya tumbo, na kisa chake nitakieleza kwa urefu kidogo kwa kuwa nimekiona kwa wasanii wengi. Mchoraji huinama. Ukiinama saa kumi kwa siku mgongo unauma, na mgongo ukiuma unakwenda duka la dawa na kununua vidonge vya diclofenac, ambavyo nilivimeza miezi kadhaa bila kula kwanza, maana siku ya kuumwa mgongo ndiyo siku ya kazi na siku ya kazi ndiyo siku ya njaa. Dawa za kundi hilo hudhoofisha utando unaolinda ukuta wa tumbo. Nami nilikuwa tayari na bakteria wanaoitwa Helicobacter pylori, wale ambao Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kuonyesha kwamba wao ndio chanzo kikubwa cha vidonda hivi. Mama yangu angesema ni mawazo na pilipili. Mawazo nilikuwa nayo, sikatai, lakini kilichonitibu ni siku 14 za omeprazole pamoja na antibiotiki mbili, na kuiacha diclofenac.

Kilichobaki kichwani kutoka hospitalini ni swali la muuguzi alipojaza fomu: "Huyu aliyekuleta ni nani wako?" Mwenzangu alijibu, "Ni mdogo wangu," kwa sauti ya kawaida kabisa, huku ameshika chupa ya uji. Aliruhusiwa kuingia kama dada. Sijui angekuwa ametoa jibu jingine angesimama wapi.

Saa mbili naingia chumba cha kazi, ambacho kina dirisha moja, na dirisha hilo linafunguliwa hata mvua inyeshe. Ninachora kwa rangi za enameli, katika mtindo ulioanzishwa Dar es Salaam na Edward Saidi Tingatinga mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za aina ile ile ya kupakia baiskeli. Rangi hizi zinang'aa na hazidai bei kubwa, ila huzimuliwa kwa thina, na mvuke wa thina katika chumba kilichofungwa humletea mtu kizunguzungu, kichefuchefu na hasira zisizo na sababu. Masika yaliyopita nilifunga dirisha kwa kuogopa baridi, nikagombana na mwenzangu mwezi mzima. Siku hizi navaa makoti mawili, na mikono naisafisha kwa mafuta ya alizeti kisha sabuni, badala ya kuisugua kwa thina kama nilivyofundishwa na fundi wangu, ambaye naye alikuwa akila chapati kwa mkono wenye rangi ya bluu hadi kwenye kiganja.

Picha ninayoimalizia ni tembo watatu chini ya mgunga. Mwenye duka la vinyago ataichukua kwa mali kauli, maana watalii wa Mei ni wachache na msimu wenyewe unaanza Juni. Nieleze wazi kwamba tembo hawa hawanichoshi. Wao ndio wanaolipa kodi ya nyumba. Kinachochosha ni hesabu ya mwezi ambao umetoa picha tano dukani na hujarudishiwa shilingi hata moja, kwa sababu katika mwezi kama huo kitu cha kwanza kupunguzwa ni chakula, na anayekipunguza huwa haambii mtu.

Saa nne natoka kwenda kwa mama ntilie wa kona, ambaye ananiita dada mchoraji na ananiwekea mtori wa ndizi mshare kabla sijaagiza. Akiona sijafika hadi saa tano hutuma mtoto kuja kugonga dirisha. Hakuna mtu aliyemwomba afanye hivyo.

Saa sita niko soko la Kilombero. Nilikuwa na haja ya vitunguu na maharage, lakini nilisimama kwenye karanga za maganda, nikauliza bei, nikaambiwa shilingi 4,000 kwa kilo, nikanunua kilo moja. Muuzaji aliuliza kama nina sherehe. Nilimjibu kwamba bado napiga hesabu.

Saa nane mchana napokea simu ya kondakta wa basi la Moshi kuwa kuna mzigo wangu. Mzigo huo huja kila baada ya wiki tatu au nne: mkungu wa ndizi kutoka mgomba wa nyumbani, Machame, umefungwa kwa majani makavu, na kwenye kifuko kidogo kuna magadi. Hakuna barua. Mama yangu hajazungumza nami kwa mdomo wake tangu 2019. Kila Desemba, Wachaga wa Arusha wanapojaza magari kurudi Kilimanjaro kula Krismasi, mimi hubaki, na kwa miaka mitatu ya kwanza sikuweza kupika kiburu, kwa sababu chakula kile kwangu kilikuwa na mikono yake ndani yake. Watu husema kufukuzwa nyumbani kana kwamba kinachopotea ni kitanda. Kinachopotea ni jiko: kujua sufuria la nani, kuingia bila kubisha, kuambiwa ule kwanza ndipo useme. Kisha siku moja ndizi zikaja. Kondakta hutaka shilingi 3,000, nami humpa bila kubishana, nikaubeba mkungu begani hadi kituo cha daladala.

Saa kumi nilimenya ndizi na kulala nusu saa. Nililala kweli, chali, mlango umefungwa, na hilo nalo daktari aliniandikia.

Jumatano jioni tunakula pamoja, watu watano, sinia moja. Desturi hii ilianza baada ya mimi kutoka hospitalini, pale tulipogundua kwamba kila mmoja wetu alikuwa akificha njaa yake kwa mwenzake. Mshonaji aliondoka kwao akiwa na miaka 19, wali ukiwa bado mezani, na hadi leo hawezi kuanza kula kabla wengine hawajaanza. Mpiga gitaa anafanya kazi kwenye hoteli ambako chakula cha wafanyakazi kipo, lakini hukikimbia kwa sababu ya maneno anayotupiwa pale mezani. Mmoja wa wale wanaomtupia maneno hutumia neno shoga kama jiwe, na mshonaji, ambaye ni mtu wa Tanga, humkumbusha mpiga gitaa kila mara kwamba kwa bibi yake shoga alikuwa ni rafiki wa kike anayekuja kusukana nywele na kula ubwabwa.

Mcheza ngoma alifika wa mwisho, saa moja na nusu, akitoka CTC, kliniki ya matunzo na tiba ya watu wanaoishi na VVU. Alikaa, akanyoosha miguu, akasema, "Kilo 61." Alipoanza dawa za kufubaza virusi alikuwa na 47. Hatukupiga makofi, mwenzangu alimsogezea tu upande wa sinia wenye maharage mengi. Wingi wa virusi wake haugunduliki kwenye vipimo, maana yake hawezi kumwambukiza mtu kwa njia ya ngono, na amepewa dawa za miezi sita. Anakumbuka vidonge vya zamani vyenye efavirenz, ambavyo vilimletea ndoto kali kiasi kwamba alikuwa akiamka na kunisimulia nichore. Nina picha nne zilizotokana na ndoto hizo, na mojawapo, ya treni inayopanda mgomba, ndiyo bora kuliko tembo wangu wote. Kidonge cha sasa, kimoja kwa siku chenye dolutegravir, kinamruhusu alale kama mtu. Alisema anazikumbuka ndoto lakini hazitaki tena.

Katikati ya kula alilalamika kiungulia na kuomba vidonge vyangu vya tumbo, vile vya kutafuna. Nilivificha mgongoni. Vidonge vile vina magnesi na alumini, ambazo hushikamana na dolutegravir tumboni na kuizuia isiingie mwilini kama inavyotakiwa; dawa yake inapaswa kumezwa angalau saa mbili kabla ya vidonge hivyo au saa sita baada yake, naye alarumu yake hulia saa tatu usiku. Alicheka, akasema ndiyo mara ya kwanza mimi kumnyima kitu. Nilimwambia asile haraka.

Ndipo nikawasimulia habari ya karanga. Félix González-Torres, msanii aliyezaliwa Cuba mwaka 1957 na kufanya kazi Marekani, mwaka 1991 alitengeneza kazi ambayo si picha wala sanamu bali ni rundo la pipi zilizofungwa kwa karatasi za rangi, zikiwa zimemwagwa kwenye kona ya chumba. Uzito wake wa kuanzia ni kama kilo 79, ambao kwa kawaida huelezwa kuwa uzito wa mpenzi wake, Ross Laycock, alipokuwa mzima, kabla UKIMWI haujamdhoofisha na kumuua mwaka huo huo. Wanaokuja kutazama wanaruhusiwa kuchukua pipi na kuila, rundo linapungua, kisha linaweza kujazwa tena. González-Torres mwenyewe alifariki Januari 1996, miezi michache tu kabla matibabu ya dawa mchanganyiko hayajaanza kuenea.

Kimya kilikuwa kirefu. Mpiga gitaa aliuliza kama watazamaji huosha mikono. Mcheza ngoma akasema kazi hiyo ni nzuri lakini yeye hataki kupungua kwenye kona ya mtu, amepungua vya kutosha. Nikamweleza kwamba mimi siwazi kilo 61, ambazo kwanza sina fedha zake; nawaza kilo 14, zile zilizorudi. Karanga, kwa sababu wakati wa kuanza dawa ndizo alizokuwa akizila mfukoni mchana kutwa. Kilo 14 kwa 4,000 ni shilingi 56,000, picha moja ya tembo ikiuzwa vizuri. Zingemwagwa hapa hapa sebuleni, kila Jumatano anayeingia achukue, na mama mwenye nyumba akipita naye achukue.

"Na nani atazijaza?" aliuliza mshonaji.

"Tutapokezana," akasema mwenzangu, kama vile jambo lilikuwa limekwisha amuliwa.

Mcheza ngoma alikuwa ameshafungua mfuko wa Kilombero. Saa tatu alarumu ililia, akameza kidonge chake kwa maji ya dumu, akaendelea kumenya. Mshonaji alianza kula kabla ya wengine, nami nilijizuia kusema kwamba nimeona. Waliondoka saa nne, mmoja mmoja, kila mmoja na ndizi zake nne. Nilipofagia nilikuta kilo niliyoinunua iwe mwanzo wa kazi imekwisha yote, yamebaki maganda juu ya gazeti. Katika daftari langu la hesabu nimeandika: bado kilo 14.