Jinsi Nilivyoisafisha Kompyuta Mpakato Iliyojaa Virusi

Kila folda ilikuwa imegeuka njia ya mkato (shortcut) yenye kimshale pembeni, na programu ya kuzuia virusi ilikataa hata kufunguka. Kusafisha faili moja moja katika hali hiyo ni kutwanga maji kwenye kinu. Kwa kutumia kompyuta nyingine iliyo salama, nilipakua Windows 11 kutoka tovuti ya Microsoft na kuiandaa kwenye flashi ya GB 8, kisha nikaiwasha ile mbovu kwa Linux (mfumo endeshi tofauti na Windows) iliyokuwa kwenye flashi ya pili, nikanakili picha na nyaraka pekee, bila faili yoyote inayoishia na .exe, yaani faili ya programu. Wakati wa kusakinisha nilifuta sehemu zote za diski, hata ile ndogo ya urejeshaji, ili kirusi kisibakiwe na maficho. Nyaraka nilizirejesha baada ya kuzikagua, na nywila zote nikazibadilisha.