Viatu vilivyolowa

Leo nilimpeleka binti yangu kwenye somo la kuogelea. Hapa Uholanzi watoto husomea diploma ya kuogelea, na siku ya mtihani, na kwenye mazoezi yake kama leo, wanaingia majini na nguo na viatu. Nilipoona mara ya kwanza nilidhani wanaadhibiwa. Mama mmoja akanicheka: mifereji iko kila mahali, na mtoto anayeteleza hatakuwa amevaa nguo za kuogelea.

Tukarudi kwa miguu kando ya mfereji, viatu vyake vikilia chwa, chwa, nami nikimuwaza Maarten van der Weijden, muogeleaji Mholanzi. Juni 2019 alimalizia hapa hapa Leeuwarden. Alikuwa ameogelea njia ya Elfstedentocht, miji kumi na moja ya mkoa wetu wa Friesland, ambayo watu huipita kwa viatu vya barafu maji yakiganda. Hayajaganda vya kutosha tangu 1997. Karibu kilomita 200, siku tatu na ushei, akichangisha fedha za utafiti wa saratani. Mwaka 2018 alijaribu akaishia kilomita ya 163.

Mwenyewe aliugua saratani ya damu mwaka 2001, akiwa kijana. Kemo, zile dawa kali za saratani, kupandikizwa seli, yote aliyapitia. Mwaka 2008 akachukua dhahabu ya Olimpiki kule Beijing, kilomita 10, akimpita David Davies wa Uingereza mwishoni kabisa, kwa sekunde moja na nusu hivi.

Ninachompendea ni alichosema baadaye. Kwamba kitandani hospitalini, maumivu yakizidi, huiwazi kesho, unaiwaza saa inayofuata tu, ukajifunza kungoja. Ndivyo alivyoogelea Beijing: akajificha kundini, akangoja. Na ile hadithi ya kwamba fikra njema ndizo zinazoponya, aliikataa. Aliiona ya hatari, maana anayekufa ataonekana hakujitahidi.

Niliposoma hayo nililia jikoni, sufuria ya wali ikiungua.

Mama mdogo alikufa kwa ugonjwa huo huo. Pale matangani, mtu mmoja, nia yake njema kabisa, alisema, "Angejikaza kidogo tu." Miaka imepita na bado naisikia sauti yake. Mama mdogo, aliyekuwa akiamka usiku kwenda kutapika nje ya chumba ili watoto wasisikie! Ajikaze vipi tena?

Jioni nikampigia mama simu, nikamsimulia yote: Mholanzi, kitanda, dhahabu, na neno lake kwamba mgonjwa hapungukiwi bidii. Sikumtaja mdogo wake. Hakukuwa na haja.

Mama alinyamaza mpaka nikadhani laini imekatika.

"Na hivyo viatu vya mtoto," akauliza, "vinakauka siku hiyo hiyo?"

"Havikauki, mama. Nimeviweka karibu na hita."

"Vijaze magazeti, mwanangu. Yatanyonya maji."