Tovuti nyepesi kwa msomaji wa bando la siku

Wengi wanaonisoma hawana kompyuta. Ni wauza maharage wa hapa Arua, kaskazini magharibi mwa Uganda, madereva wa barabara ya Koboko hadi Oraba, walimu wa Kiswahili wa West Nile, na jamaa zetu wa ng'ambo ya mpaka, Ariwara na Bunia huko Kongo, ambao tunaelewana nao kwa Kiswahili. Wananunua bando la siku, na likiisha limeisha. Ndiyo maana mtu akiniuliza natumia nini kuendesha tovuti yangu ya bei za mazao, kwanza namuuliza ukurasa wake unakula megabaiti ngapi. Wengi hawajawahi kupima.

Nianze na picha, maana hapo ndipo bando la watu linapoishia. Picha ya simu ya siku hizi ina MB 3 hadi 5. Weka nne kama zilivyo, na msomaji amekwisha lipia MB 12 au zaidi kabla hajajua bei ya gunia. Dawa yangu ni Squoosh, programu ya bure iliyotengenezwa na watu wa Google, inayofunguka ndani ya kivinjari. Unaweka picha, inagawanyika pande mbili, ya asili upande mmoja na iliyopunguzwa upande wa pili, halafu unasogeza mstari wa katikati ukilinganisha kwa macho yako. Mimi napunguza upana hadi pikseli 1,000, nachagua WebP, aina nyepesi ya faili ya picha, na ubora nauweka kwenye 70 hivi. Mara nyingi picha inashuka chini ya KB 100, na punje za maharage bado unaweza kuzitofautisha rangi. Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba kazi yote inafanyika kwenye kifaa chako mwenyewe. Picha haiendi kwenye seva ya mtu, kwa hiyo hata wewe mwandishi hutumii bando kuipunguza. WordPress, programu ninayoendeshea tovuti yangu, inapokea WebP tangu toleo la 5.8 la mwaka 2021, na tangu 5.5 la mwaka 2020 picha za chini ya ukurasa husubiri msomaji azikaribie ndipo zipakuliwe. Hayo mawili hayahitaji programu-jalizi yoyote, yaani programu ndogo ya kuongezea.

Baada ya picha, pima. PageSpeed Insights ya Google ni ya bure: unaandika anwani ya ukurasa, nayo inaupima kama vile umefunguliwa kwenye simu ya kawaida yenye mtandao wa polepole. Usihangaike na ile alama kubwa ya juu. Tazama muda ambao kitu kikubwa kwenye skrini kinachukua kuonekana, ambao Google wanataka usizidi sekunde 2.5, kisha shuka kwenye orodha ya vitu vizito. Humo utakuta fonti za mapambo, picha zinazojizungusha juu ya ukurasa, na vitufe vya kusambaza vinavyobeba msimbo wa kampuni tatu nne. Viondoe. Herufi ambazo simu ya msomaji inazo tayari zinasomeka vizuri kabisa, na hazimgharimu hata shilingi.

Umbali nao una uzito wake. Uganda haina bahari. Intaneti yetu hutegemea nyaya zinazofika pwani ya Kenya na Tanzania, kisha inapanda nchi kavu hadi Kampala, na kutoka Kampala bado kuna kama kilomita 500 kufika kwetu. Mei 2024 nyaya mbili za baharini zilipokatika karibu na Afrika Kusini, Afrika Mashariki nzima ilisikia. Kwa sababu hiyo tovuti yangu imepita nyuma ya Cloudflare, huduma inayohifadhi nakala za picha na faili za ukurasa kwenye vituo vingi duniani, vikiwemo vya Nairobi na Mombasa. Kifurushi cha bure kinanitosha. Msomaji wa Arua hana haja ya kwenda kuchukua picha ya mihogo Ulaya wakati nakala ipo jirani. Cheti cha usalama, kile kinacholeta alama ya kufuli, nimekipata kupitia Let's Encrypt. Nacho ni bure, na seva inakifanya upya yenyewe. Mtu akikuuzia cheti cha kawaida kwa bei kubwa kwa ajili ya blogu, mwambie asante.

Sasa nije kwenye jambo ninalolishikilia kuliko yote: jina lako mwenyewe na nakala zako mwenyewe.

Waganda tuna sababu za kutosha kulijua hili. Julai 2018 ilianza kodi ya mitandao ya kijamii, shilingi 200 kwa siku, na aliyekuwa anaandika Facebook peke yake akawa anasomwa na waliolipa tu. Tovuti ya kawaida haikutozwa kodi ile. Januari 2021, siku za uchaguzi, Facebook ikafungwa, halafu intaneti yote ikazimwa kwa siku kadhaa. Intaneti iliporudi, Facebook haikurudi pamoja nayo, na kwa miaka iliyofuata walioitaka walilazimika kupitia VPN, programu ya kuzunguka kizuizi cha mtandao. Julai mwaka huohuo kodi ile ya kila siku ikaondolewa, ikaja asilimia 12 juu ya data yenyewe. Nawajua watu wa hapa mjini walioandika mambo mazuri sana kuhusu kilimo na historia ya West Nile kwenye kurasa za Facebook, na jirani zao hawayasomi tena. Inaniuma, kwa sababu kazi ile ilistahili nyumba yake.

Nyumba yenyewe ni jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti yako. Nunua la .ug au .co.ug au .com, lakini liandikishwe kwa jina lako na barua pepe yako, hata kama fundi ndiye anayekusaidia. Wauzaji wa hapa nchini wanapokea pesa ya simu, na hilo linamfaa asiye na kadi ya benki. Kuhusu majina ya bure naonya kwa moyo wote. Freenom, waliokuwa wakigawa majina ya .tk na .ml bila malipo, waliacha kuandikisha mapya mwaka 2023, na mwaka uliofuata wakatangaza kujitoa kabisa kwenye biashara hiyo. Jina ambalo hulilipii, siku likichukuliwa huna pa kudai.

Nakala nazo nazitunza kwa UpdraftPlus, programu-jalizi ya WordPress ambayo toleo lake la bure linatosha. Kila wiki inapeleka makala, picha na mipangilio kwenye Google Drive yangu, na mara moja kwa mwezi nashusha faili hizo kwenye diski ninayoiweka nyumbani. Nakala ambayo hujawahi kuijaribu usiitegemee. Kuna programu inaitwa Local, inayoendesha WordPress ndani ya kompyuta yako bila intaneti kabisa. Humo narejesha nakala, nafungua kurasa mbili tatu, nahakikisha picha zipo. Humohumo najaribu mandhari mpya, yaani sura ya tovuti, na kuandika rasimu siku mtandao ukiwa mbovu. Makala ninayoithamini zaidi naipeleka pia Wayback Machine ya Internet Archive, hifadhi ya nakala za kurasa za intaneti: unaweka anwani kwenye sehemu ya kuhifadhi ukurasa, basi.

Google Search Console inastahili saa moja ya jioni yako, kila mwezi. Inakuonyesha maneno ambayo watu waliyaandika hadi wakafika kwako, na kumbukumbu zake zinarudi nyuma miezi 16. Hapo ndipo niligundua kwamba watu wanatafuta "bei ya simsim Arua" kuliko nilivyodhani, na wanaandika simsim, wala si ufuta. Tangu hapo naandika simsim kwenye kichwa cha habari na ufuta ndani ya makala. Pia ingia kwenye mipangilio uweke lugha ya tovuti kuwa Kiswahili. Ukiiacha kwenye Kiingereza, programu ya kumsomea asiyeona itayatamka maneno yetu kwa sauti ya Kizungu, na hakuna atakayeelewa. Tangu Baraza la Mawaziri lilipokipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, walimu wanaotafuta maandishi ya kuwasomea watoto wananiandikia, na nataka waupate ukurasa ulio sawasawa.

UptimeRobot inaangalia kila dakika tano kama tovuti ipo hewani na kunitumia barua pepe ikianguka. Bitwarden inatunza manenosiri. Zote zina toleo la bure, na sina la kuongeza.

Wasomaji wangu karibu wote wanakuja kwa WhatsApp, kwa hiyo kile kijisanduku kinachotokea ukituma kiungo nakishughulikia kama kichwa cha gazeti. Yoast SEO, programu-jalizi nyingine ya WordPress, inakuruhusu kuchagua picha na maneno yake. Picha iwe nyepesi, maana nzito mara nyingi haitokei kabisa, na bei iwekwe kwenye maneno yenyewe: asiye na bando la kufungua ukurasa ameshaipata habari kwenye kijisanduku. Wengine watasema hivyo unapoteza wasomaji. Mimi naona mama wa sokoni amejua bei kabla ya mchuuzi kumfikia, na ndiyo kazi niliyoianzia.

Kwa asiye na fedha za kuanzia, Blogger, huduma ya kuandikia blogu, bado ipo tangu 1999, iko chini ya Google tangu 2003, na haidai malipo yoyote. Anza hapo leo. Ukipata pesa ya jina, unaliunganisha kwenye mipangilio, na anwani ya zamani ya blogspot itawapeleka wasomaji kwenye mpya yenyewe.