Herufi moja kwenye cheti changu cha JKU

Miaka miwili nilijitolea Jeshi la Kujenga Uchumi (JKU) la Zanzibar, na sehemu kubwa niliimaliza kwenye mpunga wa kambi ya Upenja, Unguja, maji magotini. Alfajiri kwata, mchana shamba, usiku lindo. Tuliovumilia tulikuwa na matumaini mamoja: nafasi za ajira zikitoka kwenye vikosi vya Zanzibar, yaani KMKM ya kuzuia magendo, Zimamoto, Valantia au Chuo cha Mafunzo, ambacho ndicho magereza yetu, waliopita kambini watazamwe mwanzo.

Tangazo la Zimamoto lilipotoka, liliandika wazi kwamba waliopitia JKU watapewa kipaumbele. Nikajiona nimeshafika. Siku ya kuhakiki vyeti, afisa aliweka cheti changu cha JKU ubavuni mwa kitambulisho cha Mzanzibari, akapitisha kalamu chini ya jina la baba. Huku Khamis, huku Hamis. Akanambia kwa upole, "Mwanangu, mimi nakubali ni wewe, lakini karatasi hazikubali. Nakupa wiki moja."

Kosa lilianzia nyumbani. Marehemu baba aliandikisha Khamis kwenye cheti cha kuzaliwa. Mimi nilipoanza skuli tukaandika kama tunavyotamka. Cheti cha kidato cha nne kikafuata skuli, cha JKU kikafuata cha kidato cha nne, na kitambulisho kikafuata cha kuzaliwa. Miaka yote hiyo hakuna aliyevilaza pamoja akavisoma.

Nilirudi kwetu Wete, Pemba, nikaenda kwa mjomba. Yeye alipigana vita vya Kagera, na alipotoka jeshini alipata kazi ya ulinzi serikalini. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akashusha kopo la biskuti juu ya kabati. Ndani mna mfuko wa nailoni, na ndani ya mfuko karatasi yake ya kuachishwa jeshi. Mikunjo imeanza kukatika, muhuri umefifia, lakini jina linasomeka herufi kwa herufi. "Hii ndiyo iliyonipa kazi," akasema. "Mie mwenyewe niliyepigana walikuwa hawanijui."

Asubuhi tukaenda naye kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wetu, akaniandikia barua kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja anayemjua. Tukapanda gari ya Chake Chake kwa wakili, nikala kiapo. Kwangu mimi hapo pametosha. Mjomba akakataa. Kiapo ni maneno yako, alisema, tafuta na maneno yao. Basi nikashuka Mkoani, nikapanda boti hadi Unguja kuomba barua ya kambi: tarehe niliyoingia, tarehe niliyotoka, namba yangu na jina langu kwa sura zake zote mbili. Niliipata siku ya tano. Afisa alipofungua faili langu upya, kiapo alikigeuza tu. Barua ile aliisoma mara mbili, kisha akaandika "sawa" pembeni kwa wino mwekundu.

Baada ya hapo nilikimbia mbio zilezile na vijana ambao hawajapita kambi yoyote, nikapimwa afya, nikahojiwa kama wao. Jina langu lilitoka.

Baadaye nilisoma kwamba Marekani jambo hili lina sheria tangu 1944: askari wa zamani aliyestahiki huongezewa alama 5 kwenye usaili wa kazi za serikali, na mwenye ulemavu uliotokana na utumishi wake huongezewa 10. Natamani na sisi tuwe na kitu cha kuhesabika namna hiyo. Tangazo letu lilisema "kipaumbele" basi, na pale kwenye foleni kila mtu alikuwa na maana yake ya neno hilo. Kijana aliyelima miaka miwili bila mshahara anastahiki kujua jasho lake lina uzito gani.

Mdogo wangu anakwenda kambini mwezi ujao. Jana baada ya Isha tulitandika vyeti vyake mkekani, mama akashika taa ya simu. Cha kuzaliwa: Khamis. Cha skuli: Hamis. Jumatatu tunapanda gari ya Chake.