Kwani saa hizi unashindana?

Huyu mtoto wa dada ataniua. Yuleyule aliyemwagia uji kibodi ya ofisi. Jumanne kakaa pembeni yangu anakula ubuyu, vidole vyekundu, mimi niko Monaco kwenye F1 23, gemu ya mbio za magari, na timu yangu niliyoiunda mwenyewe (My Team), nafasi ya 17, gari za kompyuta zinaniacha kila kona. Akaniuliza, "Anko, si upunguze ile namba?"

Namba ya ugumu inaanzia 0 mpaka 110. Nilikuwa 80 nikawa nashinda mpaka nasinzia, ndo nikapandisha 92. Nikamjibu kiutu uzima, "Nikipunguza nitakuwa nashinda bila kushindana."

Akalamba kidole. "Kwani saa hizi unashindana?"

Wala hakucheka. Angecheka ningemfukuza akaoge, yakaisha.

Wiki nzima natembea na hilo swali. Mdogo wangu kaletewa posa, ofisini tumehamishiwa ghorofa ya nne, mimi niko kwenye daladala natunga majibu. Kwamba namba ileile haina uzito uleule kila mahali, 92 ya uwanja wa Monza naimudu kwa sababu kule ni kunyoosha tu na kukanyaga breki, ila 92 ya Monaco hizo gari zinapita ubavuni mwa ukuta kama zimezaliwa pale. Kwamba timu yenyewe changa, pointi za utafiti, zile za kuboresha gari, nimezimalizia kwenye injini na Monaco injini haikusaidii kitu. Majibu matamu kweli, ila dogo keshaenda kucheza mpira.

Sasa jana usiku uwanja wa Spa, mizunguko 11. Nikaamua betri ya kuongeza nguvu siigusi, nabana tu, mpaka nikitoka kona ya La Source napanda kilima cha Raidillon, halafu kule kwenye mnyoofu wa Kemmel namwaga yote na bawa la nyuma limefunguka gari lichanje upepo, jamaa wa mbele nikamfikia kona ya Les Combes, nikachelewesha breki kidogo tu, nikaingia ndani, nikapita. Nafasi ya 9. Pointi mbili jamani! Nikasimama sebuleni na padi mkononi natafuta wa kumwambia, dogo kalala kwenye kochi mdomo wazi, nikamtikisa kabisa, angalia, angalia.

Kafungua jicho moja. "Umepunguza?"

"Sijapunguza!"

Kageukia ukutani.

Leo mama kapiga, kauliza mvua, kauliza kama tunakula, akakata. Yeye huwa hapigi bila neno. Nampigia hapokei, na baba mdogo naye simu yake haipatikani.