Krimu ya kuondoa nywele ikikuunguza sehemu za siri

Krimu ya kuondoa nywele haijui nywele ni ipi na ngozi ni ipi. Kazi humo hufanywa na chumvi za asidi ya thayoglikoliki, zinazovunja keratini, protini inayoupa unywele uimara wake. Tabaka la juu la ngozi nalo limejengwa kwa keratini. Tena krimu hutiwa chokaa au alkali nyingine mpaka pH, yaani kipimo cha uasidi na ualkali, ikaribie 12, ilhali ngozi yenyewe hukaa kwenye 5 hivi. Unywele huwahi kulainika kabla ngozi haijaungua, na nafasi yako ni hizo dakika chache tu.

Ndiyo maana mguu huvumilia lakini kinena hakivumilii. Ngozi ya korodani ni nyembamba mno, na ndani ya mashavu ya uke ni utando laini usio na kinga ngumu. Huko, na kwenye njia ya haja kubwa, usipake kabisa. Kasha kuandikwa "kwa ngozi laini" hakuondoi alkali.

Kwenye kinena penyewe, soma kwanza kama kasha linaruhusu. Jaribu tone moja pembeni, kwa muda ulioandikwa, osha, ngoja saa 24. Kujaribia mkononi hakutoshi. Nywele ndefu zipunguze kwa mkasi, kwa sababu ndizo zinazomshawishi mtu aongeze dakika mbili. Usipake ukiwa umetoka kuoga maji ya moto au umenyoa kwa wembe siku hiyo. Tega saa. Muda wa juu ukifika, ondoa hata kama nywele zimegoma, na usirudie kabla ya saa 72.

Ikianza kuchoma, usivumilie. Futa kwa kitambaa chenye maji bila kusugua, kisha miminia maji ya bomba ya baridi kwa dakika 20. Sabuni hapana, maana sabuni ya mche nayo ni alkali. Ndimu na siki, eti za kuipoza alkali, zinaongeza kidonda. Dawa ya meno ndiyo usiiguse. Ukimaliza, paka mafuta ya mgando yasiyo na manukato na uvae chupi ya pamba isiyobana.

Kuungua huanza papo hapo na hubaki pale krimu ilipogusa. Mzio, mara nyingi wa manukato, huja baada ya siku moja hadi tatu, huwasha kuliko kuuma, na huweza kusambaa. Mwenye mzio hasaidiwi na kupunguza dakika. Aiache krimu hiyo.

Kinachoudhi zaidi ni zile tyubu za dawa mchanganyiko zinazouzwa kwa kila muwasho, zenye klobetasoli au betamethasoni. Hizo ni steroidi, dawa za kutuliza uvimbe na muwasho, kali mno kwa kinena: hukondesha ngozi na kuacha michirizi isiyofutika. Malengelenge, ngozi iliyochubuka, usaha au mkojo unaochoma ni vya kupeleka hospitali. Mabaka meusi yakibaki, yape miezi yafifie, na mkorogo usiusogeze hapo.