Kilo 32 kwa mkono mmoja: niliyofikia mara mbili

Tarehe 6 Juni daftari langu la mazoezi linasema: "IMEPANDA!" kwa herufi kubwa. Haikuwa kweli, na nitaeleza kwa nini.

Ketelibeli zangu, yaani vyuma vizito vya mazoezi vyenye mpini juu, ni tatu. Ya kilo 16 na ya 24 nilizinunua kwa mtu aliyekuwa akihama Lubumbashi. Ya 32 bei yake ilinishinda, nikaenda kwa fundi wa kuchomea vyuma kule Katuba. Akakata kipande cha bomba nene, akakijaza vyuma chakavu, akaziba pande zote mbili, akaunga mpini wa nondo. "Yaya," akaniita kama mkubwa wake, "hii ni 32 kamili." Alipima kwa mkono wake tu. Nyumbani mama anaiita sufuria isiyopika kitu.

Mwili wangu una kilo 64, kwa hiyo lengo lilikuwa kusukuma nusu yangu mwenyewe juu ya kichwa, magoti yamenyooka, bila kurusha. Siku tatu kwa wiki, alfajiri, nilifanya ngazi kwa ile ya 24: mara moja kila mkono, kisha mbili, kisha tatu. Ngazi tano zinatoa mara 30 kwa kila mkono. Zilipokuwa nyepesi niliongeza kidato cha nne, zikawa 50. Chakula sikukigusa, bukari (ugali wetu) ni bukari, niliongeza mayai tu.

Shida ni kwamba kutoka 24 hadi 32 unaruka theluthi nzima ya uzito. Nikafunga kimfuko cha mchanga cha kilo 2 kwenye mpini kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, baadaye cha 4. Kinakera, kinakupiga mkononi kila ukishusha. Kwenye 28 chuma kilikwama usawa wa sikio wiki tatu. Kumbe mkono wangu wa kushoto, usiobeba kitu, ulikuwa unaning'inia kama wa mtu anayesubiri basi. Siku nilipokunja ngumi yake kwa nguvu na kubana matako, kikapita.

Ndipo ikaja 6 Juni. Nilipiga kelele hadi jirani akauliza kama kuna mwizi.

Jumamosi iliyofuata nilikibeba kile chuma cha fundi hadi soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, kwenye mizani ya mama anayeuza unga. Kilo 28.5! Mama akacheka: "Mwanangu, umepunjwa kama mimi na mifuko yangu ya 25." Warusi nao walianza na vyuma hivi kama mawe ya kupimia nafaka. Kipimo chao, pudi, ni kilo 16.38, na ndiyo maana mpaka leo tunahesabu 16, 24, 32. Na mimi cha kwangu kimeumbuliwa na mizani ya unga.

Fundi hakubisha. Alitoboa tundu, akaingiza gololi za chuma zilizotoka kwenye kinu cha kusagia mawe ya mgodi, akaziba. Tukarudi sokoni pamoja: 32 na gramu kidogo juu.

Julai na Agosti nilirudia ngazi zilezile, sina la kusimulia.

Tarehe 12 Septemba, mkono wa kuume. Kilipofika sikioni kilisita, nikahesabu moja, mbili, kiwiko kikanyooka. Safari hii sikupiga kelele.

Wa kushoto bado unakwama palepale. Kimfuko cha mchanga nimeshakifunga tena kwenye 24.